GDB, LLDB, WinDbg au Visual Studio: ipi itakuonyesha upesi uzi uliokwama?

Programu imeganda. Haijaanguka wala haijatoa ujumbe wa kosa. Imenyamaza tu, na mstari wa mwisho kwenye logi unaonyesha kwamba uliandikwa na uzi namba 4317 (uzi, au "thread", ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu). Unaishikiza dibaga, yaani zana ya kuchunguza programu ikiwa inaendelea kama hizo za kwenye kichwa cha habari, kwenye mchakato (programu inayoendelea), unaomba orodha ya nyuzi, nayo inakuletea uzi 1, 2, 3 na 4. Sasa 4317 ni upi kati ya hizo nne?

Mimi dibaga naipimia hapo. Ukisoma ulinganisho mwingi utakuta watu wanabishana kuhusu rangi za madirisha, au wanahesabu lugha ambazo dibaga inazielewa. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini usiku ambao mteja anasubiri, unachohitaji ni kujua uko ndani ya mchakato upi, unatazama uzi upi, na namba uliyopewa na mfumo endeshi inalingana na ipi kwenye dibaga. Naandika nikiwafikiria vijana wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia) hapa Mbeya na wa vyuo vya Iringa, pamoja na wale ambao kazi yao ni kutunza kompyuta moja inayofanya kazi kama seva kwenye ofisi ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au ghala la Makambako, mahali ambapo programu ikikwama anayepigiwa simu ni wewe.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme ni programu ya mizani ya kupokelea majani mabichi ya chai huko Rungwe. Ina nyuzi nne. Wa kwanza ni uzi mkuu. Wa pili, "bandari", unasoma uzito kutoka kwenye mizani. Wa tatu, "hifadhi", unaandika kwenye kanzidata. Wa nne, "sms", unamtumia mkulima ujumbe wa kilo zake. Kuna makufuli mawili, yaani vizuizi vinavyoruhusu uzi mmoja tu kugusa kitu kwa wakati mmoja: moja la orodha ya wakulima, jingine la foleni ya ujumbe. "hifadhi" umeshika la kwanza unataka la pili. "Sms" umeshika la pili unataka la kwanza. Hakuna atakayeachia, na mizani inaendelea kupima majani ambayo hayaandikwi popote.

Uzi mmoja, namba tatu

Kabla ya kulinganisha, tuweke wazi nini kinalinganishwa. Daladala la Kabwe kwenda Uyole lina namba ya usajili kwenye bamba, lina nafasi yake kwenye foleni ya stendi, na lina jina lililoandikwa kwenye kioo cha nyuma. Uzi nao uko hivyo. Kuna namba iliyotolewa na kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ambayo mashine nzima inaitambua. Kuna namba ya dibaga, ambayo ni ya kupanga foleni tu na haina maana yoyote nje ya dibaga hiyo. Halafu kuna jina, kama mwandishi wa programu alijisumbua kulitoa.

Kwenye Linux kuna namba ya nne inayowachanganya wengi: ile inayorudishwa na `pthread_self()`. Ni alama ya ndani ya maktaba ya C, kwa kawaida inaonekana kama anwani ndefu ya kumbukumbu, na huwezi kuikuta kwenye `top` wala `ps`, amri zinazoorodhesha michakato. Ukitaka logi yako isaidie siku ya matatizo, andika humo matokeo ya `gettid()`, ambayo glibc (maktaba hiyo ya C kwenye Linux) imekuwa nayo kama kazi ya kawaida tangu toleo la 2.30 la mwaka 2019. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiita `syscall(SYS_gettid)`.

Jambo jingine la Linux ni kwamba uzi mkuu na mchakato wenyewe vina namba moja. Mchakato wetu ni 4312, na uzi wake mkuu pia ni 4312. Nyuzi zinazofuata hupewa namba yoyote iliyo wazi kwenye mashine wakati huo, ndiyo maana zinaweza kuruka hadi 4315. Kwenye Windows mchakato una namba yake na uzi mkuu una yake.

GDB

Richard Stallman aliiandika GDB mwaka 1986, mwaka uleule ambao Chuo cha Ufundi Mbeya, ambacho leo ni MUST, kilianza. Umri wake unaonekana: haina sura ya kuvutia, na anayeifungua mara ya kwanza hukutana na mabano, neno gdb na kishale, basi. Lakini kwenye hili la kutambua nyuzi ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, na sababu ni orodha yake.

```
(gdb) info threads
  Id  Target Id                                   Frame
* 1   Thread 0x7f2c1a5fe740 (LWP 4312) "mizani"   ...
  2   Thread 0x7f2c19dfd6c0 (LWP 4315) "bandari"  ...
  3   Thread 0x7f2c195fc6c0 (LWP 4316) "hifadhi"  ...
  4   Thread 0x7f2c18dfb6c0 (LWP 4317) "sms"      ...
```

Namba zote ziko kwenye mstari mmoja. Kushoto kabisa ni namba ya GDB. Anwani ndefu ni ile ya `pthread_self()`. LWP ni namba ya kerneli, ndiyo utakayoikuta kwenye `top -H`, kwenye `ps -eLf` na ndani ya folda ya `/proc/4312/task`. Mwisho ni jina. Nyota inaonyesha uzi uliopo kwa sasa, yaani ule ambao amri zako zote zinauhusu hadi uhame kwa kuandika `thread 4`.

Programu ikiwa na nyuzi nne, macho yanatosha. Ikiwa na mia mbili, andika `thread find 4317`, na GDB itakujibu ni uzi upi wenye namba hiyo. Amri hiyo inatafuta kwenye majina pia, kwa hiyo `thread find sms` inafanya kazi vilevile. Nashangaa kuona jinsi isivyojulikana. Nimeona watu wanashusha orodha ndefu kwa kidole kwenye skrini wakati jibu lilikuwa maneno matatu.

Utamu wenyewe uko kwenye makufuli. Ukiwa umekompaili kwa `-g`, chaguo linaloweka taarifa za dibaga ndani ya programu, uliza nani kashika:

```
(gdb) p kufuli_wakulima.__data.__owner
$1 = 4316
(gdb) p kufuli_foleni.__data.__owner
$2 = 4317
```

Glibc huandika ndani ya kufuli namba ya kerneli ya uzi unaolishikilia. Sio namba ya GDB, na hapa ndipo anayechanganya namba mbili hupotea njia. Kufuli la wakulima liko kwa 4316, yaani "hifadhi". La foleni liko kwa 4317, yaani "sms". Sasa andika `thread apply all bt` upate mfuatano wa miito wa kila uzi, yaani kazi ipi iliita ipi hadi uzi ukafika ulipo: "hifadhi" unasubiri foleni, "sms" unasubiri wakulima. Kesi imekwisha, na hujagusa mstari hata mmoja wa programu.

Kwa michakato mingi GDB ina neno lake, `inferior`. Amri ya `info inferiors` inaorodhesha kila mchakato ulioushika. Ukiwa na mmoja tu, nyuzi zinaitwa 1, 2, 3. Ukiwa na zaidi ya mmoja, namba hugeuka kuwa 1.1, 1.2, 2.1: wa mbele ni mchakato, wa nyuma ni uzi. Mtindo huu ulikuja na toleo la 7.11 mwaka 2016. Kabla yake namba zilikuwa za mfululizo mmoja, na mfululizo huo bado upo ukiandika `info threads -gid`.

Hili lina maana kwa programu zinazojigawa kwa `fork`. Kwa kawaida GDB hubaki na mzazi na kumwachia mtoto aende zake. Ukitaka kumfuata mtoto, `set follow-fork-mode child`. Ukitaka kuwashika wote wawili, `set detach-on-fork off`, na hapo ndipo namba za nukta zinapoanza kuwa na faida. PostgreSQL ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa kuwa kila muunganisho una mchakato wake: uliza `select pg_backend_pid();` ndani ya `psql`, chukua namba, kisha `gdb -p` namba hiyo kwenye dirisha jingine.

Mambo mawili yatakukwaza. La kwanza ni ruhusa. Ubuntu kwa kawaida huzuia mtu kujishikiza kwenye mchakato ambao hakuuzaa yeye, hata kama ni wake; utaona `ptrace: Operation not permitted`. Tumia `sudo`, na usiende kubadilisha mpangilio wa `ptrace_scope` kwenye seva ya mteja kwa sababu ya uvivu wa kuandika neno moja. La pili ni kontena. Ndani ya Docker, inayofungia programu kwenye mazingira yake yenyewe, programu yako inaweza kujiona ni mchakato namba 1, wakati nje, kwenye mashine yenyewe, ni 4312. GDB itakupa namba za upande uliosimama wewe. Mstari wa `NSpid` kwenye `/proc/4312/status` unakuonyesha namba zote mbili kwa pamoja.

LLDB

LLDB ni ya mradi wa LLVM, na ndiyo inayokuja na Xcode. Mwenye Mac hana haja ya kubabaika kuchagua. Kwenye Linux nayo inafanya kazi vizuri, na waandishi wengi wa Rust wanaipenda.

Orodha yake unaipata kwa `thread list`: `thread #4: tid = 4317`, ikifuatiwa na mahali uzi ulipo, jina, na sababu ya kusimama. Namba yenye alama ya reli ni ya LLDB, `tid` ni ya kerneli. Kwenye Linux `tid` inaandikwa kwa desimali, kwenye Mac kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16, yenye tarakimu 0 hadi 9 na a hadi f). Mtu anayehama kati ya mashine hizo mbili asisahau. Namba za LLDB hazirudiwi ndani ya mchakato mmoja: uzi 5 ukifa, unaofuata ni 6.

Yanayonifanya nisiipuuze ni mambo mawili madogo. Moja, brekipointi (mahali unapoagiza programu isimame) kwa jina la uzi: `breakpoint set -n tuma_sms -T sms`. Kwenye GDB ungeandika `break tuma_sms thread 4`, na ile 4 unaijua tu baada ya uzi kuzaliwa. Kwa LLDB jina linatosha, na unaweza kuiandaa kabla hata programu haijaanza. Mbili, `thread backtrace unique` inaziweka pamoja nyuzi zenye mfuatano uleule wa miito. Seva yenye nyuzi sitini zinazosubiri kazi inageuka kuwa mafungu mawili au matatu, na ule mmoja wa ajabu unajitokeza wenyewe.

Udhaifu wake uko kwenye michakato mingi. Ina mpangilio wa kumfuata mtoto au mzazi baada ya `fork`, lakini kwa kuwashika wote kwa pamoja GDB bado ndiyo ninayoiamini.

WinDbg

WinDbg ni dibaga ya Microsoft ya Windows, na hapa sarufi ni nyingine kabisa. Mchakato unaitwa kwa mstari wima `|`, uzi kwa mawimbi `~`. Tuseme programu yetu ileile sasa iko kwenye Windows. Andika `~` peke yake:

```
0:004> ~
   0  Id: 1a2c.1a30 Suspend: 1 Teb: ... Unfrozen "mizani"
   1  Id: 1a2c.1b18 Suspend: 1 Teb: ... Unfrozen "bandari"
   2  Id: 1a2c.1b34 Suspend: 1 Teb: ... Unfrozen "hifadhi"
   3  Id: 1a2c.1b40 Suspend: 1 Teb: ... Unfrozen "sms"
.  4  Id: 1a2c.1c04 Suspend: 1 Teb: ... Unfrozen
```

Anayetoka Linux atateleza mara tatu kwenye mistari hii mitano, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, kuhesabu kunaanzia sifuri. Pili, ile `1a2c.1b40` ni mchakato na uzi, zote kwa heksadesimali. Task Manager itakuonyesha mchakato huo kama 6700 kwa desimali, na logi yako kwa kawaida itaandika 6976 kwa uzi wa "sms". WinDbg inakubadilishia: andika `? 0n6976` na itakurudishia 1b40 pamoja na desimali yake; herufi `0n` maana yake namba inayofuata ni desimali. Ukiisahau, WinDbg itasoma 6976 kama heksadesimali na kukutafutia kitu ambacho hakipo.

Tatu, na hili ndilo linalowapotezea wengi saa nzima: tulisema programu ina nyuzi nne, mbona hapa ziko tano? Ule wa tano si wako. WinDbg inapojishikiza kwenye mchakato unaoendelea, huzalisha uzi wake humo ndani ili kuusimamisha, na uzi huo ndio unaokuwa wa sasa. Nukta iliyo mbele ya 4 inasema hivyo. Ukiandika `k` hapohapo utaona mfuatano wa miito ya ntdll, maktaba ya Windows yenyewe, na hakuna hata jina moja la kazi ulizoandika. Hamia kwanza kwenye uzi wako: `~3s`. Au kwa namba ya mfumo endeshi: `~~[1b40]s`, ambayo ni jibu la moja kwa moja kwa swali letu la mwanzo. Alama ya reli `#` ikitokea mbele ya uzi, huo ndio uliosababisha hitilafu au tukio lililoileta dibaga. Kwenye ajali uzi huo ndio unaokuwa wa sasa hadi utakapohama.

Sehemu ya kuandikia amri yenyewe inakuambia ulipo: `0:004>` ni mchakato 0, uzi 4. GDB haifanyi hivyo, na ninaionea wivu.

Kuhusu nani kashika kufuli, `!cs -l` inaorodhesha makufuli yaliyofungwa ya aina ya `CRITICAL_SECTION` pamoja na namba ya uzi unaoyamiliki, kwa heksadesimali. Unachukua namba hiyo na kuirudisha ndani ya `~~[ ]s`. Na kama tatizo si kuganda bali ni kula prosesa, `!runaway` inakupangia nyuzi kwa muda wa prosesa uliotumika na kila mmoja. Kwenye Linux ungelazimika kwenda `top -H` kwanza ndipo urudi kwenye GDB.

Onyo moja kwa anayefanya kazi kwenye kompyuta ya mteja wakati wakulima wako kwenye foleni: `q` inaondoka na kuua programu. Ya kuondoka kwa amani ni `qd`. GDB ni mpole zaidi. Ukiwa umejishikiza kwa `-p`, ukitoka inauachia mchakato uendelee.

Visual Studio

Kama unaandika C# au C++ kwenye Windows na msimbo ni wako, dirisha la Threads, Ctrl+Alt+H, linatosha. Mshale wa njano ni uzi wa sasa, namba ni za mfumo endeshi kwa desimali, na unaweza kubandika bendera kwenye nyuzi mbili unazozishuku ili uzione hizo tu. Kwenye .NET kuna safu ya pili, Managed ID, ambayo ni namba ya mazingira ya .NET na haihusiani na ya Windows. Logi nyingi za C# huandika hiyo, kwa hiyo tazama safu iliyo sahihi. Parallel Stacks inachora nyuzi zote kama mti, na kwa mkwamo wa makufuli mawili kama wa mizani yetu, mchoro huo unaeleweka upesi kuliko maandishi ya dibaga yoyote. Brekipointi nayo inaweza kuwekewa kichujio kama `ThreadName = "sms"`.

Kasoro ni uzito. Toleo la Community ni la bure, lakini usakinishaji wake unakula gigabaiti kadhaa, na kwa anayetegemea bando la simu huko Ileje au Makete hilo si jambo la kupuuza. GDB kwa `sudo apt install gdb` inashuka kabla chai haijapoa, na kwa baridi ya mwezi wa saba hapa Mbeya chai haikawii kupoa.

Amri zikiwa bega kwa bega

| Unataka | GDB | LLDB | WinDbg |
|---|---|---|---|
| Kujishikiza kwa namba | `gdb -p 4312` | `process attach --pid 4312` | `windbg -p 6700` |
| Michakato iliyoshikwa | `info inferiors` | `target list` | `\|` |
| Orodha ya nyuzi | `info threads` | `thread list` | `~` |
| Kuhamia uzi | `thread 4` | `thread select 4` | `~3s` |
| Miito ya nyuzi zote | `thread apply all bt` | `bt all` | `~*k` |
| Brekipointi ya uzi mmoja | `break tuma_sms thread 4` | `breakpoint set -n tuma_sms -x 4` | `~3 bp mizani!tuma_sms` |

Angalizo: `windbg -p` hupokea desimali, ingawa ukishaingia ndani kila kitu kinageuka heksadesimali. Sijui nani aliamua hivyo, ila ndivyo ilivyo.

Jina linashinda dibaga

Dibaga yoyote utakayochagua, orodha yake itakuwa bora mara mbili kama nyuzi zina majina. Kwenye Linux ni `pthread_setname_np`, na jina lisizidi herufi 15. Ukizidisha halikatwi, linakataliwa na kazi inarudisha kosa, nawe usipokagua utadhani umeliweka. Kwenye Windows 10 kuanzia toleo la 1607 kuna `SetThreadDescription`. Waandishi wa Python wajue kwamba kabla ya toleo la 3.14 jina unalompa `threading.Thread` linabaki ndani ya Python tu; GDB na `top` hawalioni.

Kuna tofauti moja ambayo inaweza kukuamulia kabisa. Mara nyingi huwezi kuisimamisha programu kazini, kwa hiyo unachukua picha ya kumbukumbu yake na kwenda kuichunguza nyumbani. Kwenye Linux ni `gcore 4312`. Kwenye Windows unabofya mchakato ndani ya Task Manager na kuagiza faili la dampo, au `.dump /ma` ukiwa ndani ya WinDbg. Ukifungua faili la Linux kwenye GDB, namba za LWP zote ziko pale, lakini majina ya nyuzi hayapo, kwa kuwa hayakuandikwa humo. Faili la Windows hubeba majina yaliyowekwa kwa `SetThreadDescription`. Kwa hiyo kwenye Linux, kabla ya `gcore`, andika kwanza `ps -T -p 4312 > majina.txt` na ulibebe faili hilo pamoja na picha. Utashukuru ukiwa umeshavuka Igawa kurudi Iringa na seva imebaki Tukuyu.

Uchague ipi

Seva yako ni Linux: GDB, bila mjadala mrefu. Mac: LLDB. Windows na msimbo uko mikononi mwako, na mashine ina nafasi: Visual Studio. Windows lakini programu imeanguka kwa mteja, hakuna msimbo pale na hutaki kusakinisha mzigo: WinDbg, ukubali wiki moja ya kuzoea mawimbi na mistari wima. Anayetumia VS Code kwenye Linux huwa tayari anatumia GDB au LLDB bila kujua. Kama paneli ya Call Stack haikuonyeshi namba za kerneli, kwa nyongeza ya C++ ya Microsoft unaweza kuandika `-exec info threads` kwenye Debug Console na kuziona.

Mwanafunzi anayeanza na hana kazi ya mtu mkononi, namshauri aanze na GDB hata kama kompyuta yake ni ya Windows, ndani ya WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Orodha yake inaonyesha namba zote kwa pamoja, na akishaelewa kwa nini ziko tofauti, nyingine tatu atazisoma kwa siku chache.

Wapo ambao hakuna hata moja kati ya hizi inayowafaa. Go ina goroutini, nyuzi nyepesi zinazosimamiwa na Go yenyewe, ambazo si nyuzi za kerneli. GDB itakuonyesha nyuzi chache na kukuficha goroutini elfu. Tumia Delve: `dlv attach`, kisha `goroutines`. Kwa Java, `jps` inakupa mchakato na `jstack` inakupa nyuzi zote na majina yake, tena inakuandikia yenyewe kwamba imekuta mkwamo wa makufuli. Ila kwenye Java 8 na 11, namba ya kerneli inaandikwa kwa heksadesimali baada ya neno `nid`, wakati `top -H` inatoa desimali. Andika `printf '%x\n' 4317`, upate 10dd, kisha tafuta `nid=0x10dd`.